Matete Kwenye Ramani ya Monde

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Monde alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia uwanja, na kumwamsha mdogo wake Tabo. Kisima kilikuwa karibu, na uwanja wa mchanga haukuchukua muda kufagiwa. Kazi ilikuwa Tabo. Mtoto huyo alilala fofofo, na asubuhi hiyo ya mwezi wa tisa Monde alimvuta miguu mara mbili kabla hajafumbua jicho moja.

"Mwache huyo," mama yake aliita kutoka jikoni. "Njoo unywe uji uende zako. Unapoa."

Mama alimmiminia maziwa ya mgando juu ya uji wa mtama, kisha akaketi kando yake mkekani. Alikuwa na beleshi mapajani, akiufunga mpini wake uliolegea kwa kipande cha ngozi.

"Mama, bado siku ngapi?"

"Wiki mbili. Kila nyumba imetakiwa itoe mtu mmoja na beleshi lake. Hapa kwetu mtu huyo ni mimi, maana baba yako yuko bondeni na ng'ombe."

Mfereji wa Nalikanda ulikuwa umeziba kwa miaka minne. Wazee wa zamani waliuchimba kwa mikono, kutoka chini ya mteremko wa mchanga hadi kwenye ziwa dogo la bondeni, ili maji yanayochuruzika kutoka mchangani yapate njia. Mfereji ukiwa wazi, bustani za udongo mweusi zilizo kando yake hupumua, na watu hula mahindi mabichi wakati nchi nzima ya juu bado inasubiri mvua. Ukiziba, maji hutuama na mizizi ikaoza. Mwaka uliopita bustani ya kina Monde ilioza yote. Walikula muhogo wa kule msituni asubuhi na jioni, hata Tabo akaapa kwamba akiwa mtu mzima hataugusa muhogo tena.

Ndiyo maana habari ya kuchimba mfereji upya ilipofika, kijiji kizima kilikuwa na neno moja tu mdomoni. Watu waliosalimiana kisimani hawakumaliza hata kuulizana hali kabla ya kuulizana habari za mabeleshi.

Shuleni, Mwalimu Sikota alikiinua kitabu cha jiografia mbele ya darasa la saba, akakirudisha mezani bila kukifungua.

"Kitabu hiki kinasema Mkoa wetu wa Magharibi una mchanga, msitu, na uwanda unaofurika kila mwaka," alisema. "Ni kweli. Lakini hakisemi Bwana Mubiana kapanda nini."

Darasa likacheka. Bwana Mubiana alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na mwanawe Lubinda aliketi dawati moja na Monde.

"Bibi shamba anataka kujua nani analima wapi, kabla mtu yeyote hajatia beleshi ardhini. Yeye ni mmoja, na vijiji vyake ni kumi na viwili. Nikamwambia asihangaike, darasa langu lina miguu themanini."

Aliwagawa wawili wawili. Kuna waliopewa mashamba ya muhogo msituni, waliopewa mikorosho ya mteremkoni, na waliopewa majaruba ya mpunga. Wengine walitumwa mbali kidogo, kwenye vilima vya bondeni ambako watu hujenga vibanda na kulima maji ya mto Liambai, yaani ile Zambezi ya vitabuni, yanapopungua. Monde na Lubinda walipewa bustani za udongo mweusi, mfereji wote, kuanzia kwenye mikaratusi hadi ziwani.

"Mnatembea," mwalimu alisisitiza. "Kila bustani mnaandika jina la mwenyewe, alichopanda, na upana kwa hatua. Mkimkuta mtu mnachuchumaa, mnapiga makofi, mnamsalimia. Si mnamvamia, 'Wewe bibi, jina lako nani?'"

Hakuna aliyeshangaa Monde kupewa sehemu iliyo muhimu kuliko zote. Katika shule nzima hakuna aliyechora kama yeye. Akichora ng'ombe, watoto wadogo walisema atalia.

Siku ya Jumamosi Lubinda alikuja kwenye mikaratusi na chusa la kuvulia samaki begani.

"Mjomba amenipitia," alisema. "Maji ya ziwani yamepungua, samaki wanajigonga wenyewe. Anza tu, nitakukuta huko chini."

"Utanikuta lini? Krismasi?"

"Monde, mchoraji ni wewe. Mimi nikija nitashika nini, kifutio?" Akaondoka mbio, akicheka.

Monde akaanza peke yake. Bustani ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Aliandika: "Imejaa maji." Ya pili, ya tatu, ya nne, akaendelea. Matope meusi yalimfika kwenye vifundo vya miguu, na kila mwenye bustani alitaka salamu kamili: mama hajambo, baba hajambo, ng'ombe hawajambo, na yule jike mwekundu amezaa? Kufikia saa sita alikuwa amehesabu bustani kumi na moja. Jua lilimchoma utosini. Ruba alikuwa amemng'ata kwenye kisigino.

Hapo ndipo yalipoanza matete. Yalikuwa marefu kumpita baba yake, yamesongamana, na majani yake yalikata kama wembe. Kijia chembamba kiliingia ndani kikapotea. Monde alinyoosha shingo, hakuona kitu. Alitia mguu mmoja, ukazama hadi gotini, akauchomoa.

"Humo ndani mna nini?" alijiambia. "Matete tu."

Alirudi akaketi mahali pakavu, akamalizia ramani kwa kichwa. Alichora matete moja moja, yakiinama upande mmoja kama upepo unapita. Juu yake akaandika kwa herufi nzuri: "Matete. Hakuna mwenyewe." Kisha akachora ziwa, na ndani yake mtumbwi. Ilikuwa ramani ya kupendeza kweli.

Siku ya Jumatatu Mwalimu Sikota aliishika kwa ncha za vidole, asije akaichafua.

"Mlifika mpaka ziwani?"

"Tulifika, mwalimu," Monde alijibu.

Uongo huo ulitoka kirahisi, kama mate. Lubinda alikohoa.

"Mimi kweli nilifika ziwani," alimnong'oneza baadaye. "Kwa hiyo nusu ya jibu lako ni kweli."

Siku ya Jumatano bibi shamba alikuja kwa pikipiki. Jina lake lilikuwa Afisa Chanda, mtu wa mkoa wa mbali wa Luapula, na alikuwa na miezi mitano tu katika eneo hilo. Suruali yake ilikuwa imejaa mchanga upande mmoja.

"Mchanga wenu huu umeniangusha tena," aliliambia darasa. "Nikifa, mwandike kwamba niliuawa na barabara." Watoto wakacheka, naye akaitandaza ramani ya Monde mezani akaitazama kwa muda mrefu. "Nani mwenye mkono huu?"

Monde akasimama.

"Hongera, mwanangu. Mimi hapa ni mgeni. Karatasi hii nitaiamini kama macho yangu. Hebu niambie, sehemu hii ya matete, haina mtu kabisa?"

Monde aliyatazama matete aliyoyachora. Angeweza kusema hajui. Lakini mwalimu alikuwa anatabasamu, na darasa zima lilikuwa linamtazama.

"Haina, madamu."

"Vizuri sana! Mfereji wa zamani unapinda hapa kama nyoka aliyekanyagwa. Kama hapana mtu, tutaunyoosha upite katikati. Tutaokoa siku nne za kazi, na tope tutalimwaga papo hapo."

Darasa likapiga makofi. Monde naye alipiga, ila mikono yake haikutoa sauti.

Jumamosi iliyofuata, siku mbili kabla ya kazi kuanza, mama alimtuma akate matete ya kuzibia ua. Alipofika pale aliona kitu kipya: vijiti vya alama, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu, vimejipanga mstari mmoja na kuingia katikati ya matete. Aliviandama kwa kile kijia chembamba, akihesabu hatua zake bila kukusudia. Alihesabu ishirini.

Hatua ishirini tu. Kisha matete yakaisha, na mbele yake palikuwa na bustani. Mahindi yalifika magotini, ya kijani kibichi, juu ya udongo ulioinuliwa ili maji yasiufikie. Matuta ya viazi vitamu yalipangwa vizuri kuzunguka maboga yaliyotambaa kila upande. Katikati alisimama bibi mwembamba aliyejifunga kitenge kifuani, amebeba vijiti vya alama kama mzigo wa kuni.

Monde alichuchumaa akapiga makofi ya salamu.

"Mtoto wa nani wewe?" bibi aliuliza.

"Wa Mulala, bibi."

"Mulala mwenye jike mwekundu aliyenilia maboga mwaka juzi?"

"Ndiyo, bibi."

"Salamu zako nimezipokea. Ng'ombe sijamsamehe." Alitupa vijiti chini. "Mimi ni Inutu. Tazama haya, mtoto wa Mulala. Jana wamekuja vijana wawili na kamba. Nawaambia hapa ni kwangu, wananijibu, 'Bibi, kwenye karatasi hapa ni matete.' Matete! Nimelima hapa miaka thelathini na sita. Watoto watano wamekula hapa mpaka wakaota ndevu. Matete nimeyaacha makusudi, ng'ombe wenu wasiyaone mahindi. Kumbe na karatasi nayo ni ng'ombe?"

Monde alivitazama vijiti vilivyotupwa chini.

"Lakini namjua aliyefanya," Bibi Inutu aliendelea, akitikisa kidole. "Ni Mubiana. Tangu nilipomcharaza ndama wake fimbo, hajanisalimia. Ndiye mwenyekiti, ndiye aliyeniandika matete, mfereji upite tumboni mwangu. Kesho kwenye baraza la kijiji atanitambua!"

Monde alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Bibi, mimi nilikuja kukata matete."

"Kata, kata. Si ndiyo mazao yangu? Karatasi imesema."

Monde alikata machache, akayaacha njiani, akaenda moja kwa moja kwa kina Lubinda. Alimkuta nyuma ya nyumba akipaa samaki, akamweleza yote.

"Nyamaza," Lubinda alisema upesi. "Ukisema, bibi shamba ataahirisha kazi. Mvua ikitukuta mfereji haujachimbwa, kijiji kizima kitatuchukia. Mama yako mwenyewe atapanda wapi?"

"Na Bibi Inutu atapanda wapi?"

"Ana watoto mjini Mongu."

"Lubinda, anasema ni baba yako aliyefanya. Kesho atalisema barazani."

Kisu kilisimama juu ya samaki. "Baba yangu?" Lubinda alisema polepole. "Baba hata hiyo ramani hajaiona."

Baraza lilifanyika Jumapili baada ya ibada, mbele ya ua wa induna, mkuu wa kijiji. Walikuwepo wanakamati, Afisa Chanda, Mwalimu Sikota, na watu wengi wenye bustani. Induna alikuwa hajamaliza hata kufungua mkutano Bibi Inutu alipopita katikati ya watu na kumwaga vijiti vya alama mchangani.

"Bibi kaleta kuni!" kijana mmoja aliropoka, watu wakaangua kicheko.

"Cheka, mwanangu, cheka na meno yako yote. Nimekuja kuuliza. Mubiana, nimekukosea nini hata unifute duniani nikiwa hai?"

Bwana Mubiana alisimama kwa ghadhabu. "Mimi? Angalia maneno yako, mama! Sijaandika chochote!"

"Utakataa tu! Nani mwingine mwenye kinyongo na mimi?"

Sauti zikapanda. Ndugu za Mubiana wakasimama upande huu, majirani za Bibi Inutu upande ule. Mtu mmoja akasema kwamba bustani moja haiwezi kuzuia kazi ya watu arobaini. Wengi wakaitikia. Kisha Monde akasikia sauti aliyoijua kuliko zote.

"Jamani, mvua haingoji," mama yake alisema. "Bibi apewe mahali pengine, kazi ianze kesho. Mwaka jana tumelala njaa."

Monde aliona kana kwamba amemezwa na mchanga. Akiendelea kunyamaza, mfereji utachimbwa, mama atapanda, na hakuna atakayejua kamwe. Alimtazama Bibi Inutu. Alikuwa ameacha kupiga kelele. Alisimama tu, mikono imening'inia, akiwatazama watu aliozeeka nao wakikubaliana juu ya bustani yake.

Monde akainuka. Alipita katikati, akapiga magoti mbele ya induna, akapiga makofi.

"Bwana Mubiana hakufanya," alisema. Watu wa nyuma hawakusikia, akarudia kwa sauti. "Bwana Mubiana hana kosa. Aliyechora matete ni mimi."

Induna alimwashiria aendelee.

"Nilifika yanapoanzia nikachoka. Sikuingia ndani. Nikachora tu. Mwalimu aliniuliza kama nilifika ziwani, nikasema nilifika. Madamu akaniuliza kama pana mtu, nikasema hapana. Nilisema uongo mara mbili. Bibi Inutu ana mahindi yamefika hapa," akaonyesha goti lake, "na jana nilimwona, nikashindwa kumwambia."

"Na mimi sikwenda kabisa," sauti ilisikika nyuma. Ilikuwa ya Lubinda, amesimama, macho ameyaelekeza chini. "Nilikwenda kuvua na mjomba."

"Mwalimu, miguu yako themanini uliyojivunia," yule kijana mropokaji alipiga kelele, "minne imelala nyumbani!"

Safari hii hakucheka mtu. Mwalimu Sikota alikuwa ameinamisha kichwa. Mama yake Monde alijifunika mdomo kwa kitenge. Bwana Mubiana alimtazama mwanawe kwa namna iliyoahidi mazungumzo marefu nyumbani.

Bibi Inutu ndiye aliyetangulia kusogea. Alimgeukia Bwana Mubiana, akachuchumaa kwa shida, akapiga makofi mawili.

"Nisamehe, Mubiana. Ndama wako bado ana makosa, lakini wewe huna."

Bwana Mubiana akashindwa kuendelea kununa. Kicheko kilimponyoka, na baraza zima likapumua.

"Afisa," induna aliuliza, "kazi inaweza kuanza kesho?"

Afisa Chanda alikuwa ameikunja ile ramani nzuri, amekasirika wazi. "Bila ramani ya kweli, mimi sichimbi hata shimo la choo. Lakini sasa ni saa saba. Jua linazama saa kumi na mbili. Nani yuko tayari kutembea?"

"Mimi," Monde alisema.

"Na mimi," Lubinda alisema, kabla baba yake hajamsukuma.

Walikwenda wanne, Bibi Inutu mbele na fimbo yake. Afisa Chanda alipima, Lubinda alihesabu hatua, Monde aliandika. Hawakukuta bustani moja ndani ya matete, walikuta nne. Ya pili ilikuwa ya mjane aliyepanda vitunguu. Mbele yake ndugu wawili walikuwa wamepanda miwa, na ya mwisho, kando ya ziwa, ilikuwa na mboga za majani za mwanamume kiziwi ambaye hakuwa amesikia habari zozote za mfereji. Kila mmoja walimweleza, wakaandika jina lake. Monde alikatwa na matete usoni na mikononi, na karatasi ikaingia matope. Aliendelea.

Walipofika mahali ambapo mfereji wa zamani unapinda, Afisa Chanda alikatisha moja kwa moja ili aokoe hatua.

"Usikanyage hapo!" Bibi Inutu alimzuia kwa fimbo.

"Mbona ni pakavu, bibi?"

"Pakavu juu. Chukua mti huo uchome."

Afisa Chanda aliokota ufito mrefu, akauchoma ardhini. Ufito ulizama wote, kama kidole kwenye ugali wa moto, na maji yakabubujika kuuzunguka. Afisa akarudi nyuma hatua tatu.

"Ni chemchemi," alisema kwa sauti ndogo. "Chini hapana udongo. Ni tope tupu."

"Mnaniuliza kwa nini mfereji umepinda," Bibi Inutu alisema. "Waliochimba hawakuwa wamelewa. Walizunguka."

Afisa Chanda alijifuta tope mikononi. Kisha akamwambia Monde, si kwa hasira tena, "Unajua kesho ningewaweka wapi watu arobaini na mabeleshi yao? Hapa hapa. Wangechimba hadi usawa wa kiuno, na kuta zote mbili zingewaangukia. Na mama yako angekuwa mmoja wao."

Monde alipatazama mahali ule ufito ulipozama. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye tope, akaandika kwenye karatasi: "Chemchemi. Hatari." Akapigia mstari mara tatu.

Walimaliza jua likiwa limegusa ukingo wa bonde. Ramani mpya ilikuwa na alama za vidole, majina yaliyofutwa na kuandikwa tena, na doa la damu ya ruba kwenye kona. Afisa Chanda aliisoma yote, akaitia mkobani.

Siku ya Jumatatu kazi ilianza kama ilivyopangwa, ila kwa kufuata njia ya zamani, pamoja na kona yake. Ilichukua siku nne zaidi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa asubuhi hiyo Afisa Chanda alikuwa amezamisha ufito mwingine kwenye chemchemi mbele ya wote. Mwalimu Sikota aliwapa Monde na Lubinda adhabu yao: kila siku baada ya masomo walibeba tope kwa ndoo, mpaka mfereji ulipokwisha. Mikono ya Monde ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakakomaa.

Jioni moja, wakirudi nyumbani na mabeleshi, mama yake alisema, "Ulinisikia siku ile barazani?"

"Nilikusikia, mama."

"Niliona njaa yetu tu. Njaa ya mwenzangu sikuiona." Walitembea kidogo. "Ulinitia aibu, Monde. Lakini nisingependa kuwa na mtoto aliyenyamaza."

Kizuizi cha mwisho kilipobomolewa karibu na ziwa, maji meusi yalianza kwenda, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa kishindo, yakibeba majani na vyura. Watu walikimbia nayo kando kando wakipiga vigelegele. Tabo alikimbia mbele ya wote. Baada ya wiki mbili mama alitia mkono kwenye udongo wa bustani yao, akaufinyanga, ukamegeka vizuri. Siku hiyo hiyo alipanda. Bibi Inutu akawaletea boga kubwa, na salamu kwamba jike mwekundu amesamehewa kwa mwaka huu tu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mwalimu Sikota alibandika ubaoni ramani mbili, ile nzuri na ile ya matope.

"Ipi nzuri?" aliuliza.

"Ile ya kwanza," darasa lilijibu kwa uaminifu.

"Ndiyo. Nami niliipenda hata nikasahau kuikagua, na hilo ni kosa langu. Sasa nisikilizeni. Hakuna aliyewakataza Monde na Lubinda kuchoka. Kila mtu huchoka. Monde alipofika kwenye matete akachoka, angeacha karatasi nyeupe akaandika, 'Hapa sikufika.' Bibi shamba angekwenda mwenyewe, na mambo yangeisha. Karatasi nyeupe haimnyang'anyi mtu bustani. Haimfukii mtu. Kusema 'sijui' si aibu, watoto wangu. Aibu ni kuuvika ujinga nguo nzuri ukauita ukweli. Na ukishateleza, rudi useme mapema, hata kama unaogopa. Monde alirudi amechelewa, lakini alirudi kabla ya beleshi la kwanza. Ndiyo maana leo mfereji unatiririka na watu wote wako hai."

Pikipiki ikanguruma nje, ikazimika ghafla, ikafuatiwa na kishindo cha kitu kuanguka mchangani. Afisa Chanda akaingia akijikung'uta.

"Nataka watu wawili," alisema. "Kuna kijiji ng'ambo ya ziwa wanataka mfereji wao nao. Nani anajua kule kuna bustani gani?"

Darasa zima likageuka kumtazama Monde.

"Sijui, madamu," Monde alisema. Akainama, akaanza kuvua viatu tayari kwa matope, na kando yake Lubinda akaanza kufungua vyake.